Kiti cha Heshima, Juu ya Ekseli

Wiki iliyopita nilisimama kwenye kaunta ya duka la spea hapa Kitale mpaka miguu ikaniwaka moto, na bado yule kijana hakutaka kunielewa. Nilimwambia nataka bushi za raba. Raba ya kawaida, nyeusi, ile ukiibana kwa vidole inabonyea kidogo. Yeye akaniletea za plastiki ngumu, nyekundu, zinang'aa, akazipanga mbele yangu kwa madaha kama anayeandalia wageni.

"Madam, chukua hizi za poli. Gari itashika barabara, utashangaa. Raba ni mambo ya kizamani, bana."

"Na mimi ni wa kizamani. Nipe raba."

"Kwani unaendesha gari gani?"

Nikamwambia. Akacheka, akamwita mwenzake aje amwone mama ambaye bado analo lile gari. Mwenzake akatoka stoo na boksi lililojaa vumbi, akalipasua kwa kisu, na harufu ikanipanda puani kabla sijaona kilichomo. Raba mpya, iliyofungiwa gizani miaka na miaka. Haki, nilishika kaunta. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu wawili, lakini harufu ile ikinifikia mimi ni msichana wa miaka tisa, nimekaa kiti cha nyuma kabisa cha gari la baba, na mkono wangu umeshikwa na kukhu. Kukhu ndivyo sisi tunavyomwita nyanya.

Nyinyi wa rika langu mnalikumbuka gari lile hata nisipotaja jina la kampuni. Stesheni ndefu, rangi ya maziwa, safu tatu za viti, pua imeinama kidogo kama linalonusa lami. Lilitoka Ufaransa, kwa hiyo nyumbani tuliliita Mfaransa. Babu alimwachia baba gari hilo, na pamoja nalo akamwachia ugonjwa wake. Lilikuwa linayumba. Likishika mwendo, makalio yalikwenda upande wake na kichwa upande wake, na kwenye kona baba alikuwa anashika usukani kwa mikono miwili huku jasho likimtiririka shingoni. Mimi nilikuwa natapika. Kila safari, tukifika Kamukuywa, lazima tusimame nitapike.

Fundi Barasa, aliyekuwa na gereji nyuma ya posho mili, kinu cha kusaga unga, alimwambia baba kwamba ugonjwa uko kwenye bushi. Kwa asiyejua, bushi ni kipande cha mviringo chenye tundu katikati, kinakaa pale ambapo chuma kinakutana na chuma. Ekseli ya nyuma imeshikwa na vyuma virefu ambavyo mafundi wanaviita mikono, na mwisho wa kila mkono kuna bushi. Ikiwa laini, inameza matuta na mashimo, lakini gari linacheza. Ikiwa ngumu, gari linanyooka, lakini kila jiwe la barabarani linaingia ndani na kukaa na nyinyi. Ndiyo siri yote, hakuna nyingine. Unachagua nani ateseke, mwenye kuendesha au mwenye kubebwa. Nimeishi na jambo hilo miaka mingi na bado linanikera kwamba baba yangu, mtu mwenye akili zake, hakuliona.

Baba alikuwa karani wa bohari ya mahindi. Penseli zake zilikuwa zimelala mstari mmoja mezani, na shati lake la Jumapili lilining'inia peke yake. Mtu wa namna hiyo kumpa gari linaloyumba ni kumtukana. Lakini hakulitengeneza kwa ajili ya fahari tu, lazima niseme haki. Mwaka ule kukhu alikuwa ameanguka shambani na gunia la mahindi kichwani, akavunjika nyonga, na kila mwezi siku ya Jumamosi ilibidi atolewe kwake Bungoma apelekwe hospitali ya misheni kule Lugulu, daktari aangalie mfupa unavyoshika. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akihudhuria kila mwezi, atarudi kutembea vizuri, na shambani atarudi. Mama alikuwa anauza nguo za mitumba, na Jumamosi ndiyo siku ya soko, hawezi kutoka. Kwa hiyo tulikwenda baba na mimi.

Sasa sikilizeni tatizo lilipokuwa. Kukhu alimzaa mama yangu. Kwa baba, huyo ni mama mkwe, na kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, hapewi mkono, haulizwi habari za mwili wake. Baba alisimamisha gari mbali na mlango, akashuka, akageuka kutazama migomba mpaka mke wa mjomba amsaidie kukhu kupanda. Tena wakwe hawakai karibu. Ndani ya gari heshima ilipimwa kwa safu za viti. Baba mbele, safu ya kati mimi peke yangu, na kukhu nyuma kabisa, kwenye kiti cha heshima. Mjomba mwenyewe alikisifu kiti hicho, akasema mkwe wetu ana adabu. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba kiti hicho kimekalia ekseli.

Na mimi nilikuwa mdomo. Nekesa, mwambie kukhu wako tunaondoka. Nekesa, mwambie baba yako mlango huu haujashika. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, hatua tatu tu kati yao, lakini neno lilikuwa halijafika mpaka lipite kwangu. Nililipenda sana jukumu hilo. Nilisema kwa sauti kubwa, nikageuka huku na huku kwenye kiti changu, nikajiona mtu muhimu.

Kuna jambo lingine ambalo lazima mlijue, ingawa linanitia aibu. Kukhu hakunipenda. Yaani, nilidhani hivyo. Kule kwake kulikuwa na binamu yangu Simiyu, ambaye kukhu alimwita mume wangu, kama nyanya zetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, akamwekea mafuta ya maziwa na ukoko wa ugali. Mimi nilikuwa Nekesa lete maji, Nekesa usikalie kinu. Nilikuwa na njaa ya kuitwa jina lolote tamu. Na kwenye gari, safari zile za kwanza, kukhu hakuniangalia hata kidogo. Barasa alikuwa ametia bushi mpya za raba, gari lote likanuka harufu ile ile iliyonishika dukani, na tukitoka Bungoma tu kukhu aliegemeza kichwa kwenye dirisha, akaweka sweta chini ya shavu, akalala fofofo mdomo wazi mpaka Lugulu. Nikageuka kila mara kumtazama. Lala tu, nikasema moyoni, kama ungekuwa na Simiyu ungelala?

Lakini baba hakuridhika. Raba ilikuwa imepunguza ugonjwa, haikuumaliza. Kwenye kona za Webuye Mfaransa bado alitikisa kiuno.

"Laini mno," baba alimwambia Barasa. "Nataka gari ninyooshe usukani na lenyewe linyooke."

"Mzee, hii gali iliundwa na laba," Barasa alisema. Alikuwa mtu wa Bungoma halisi, kwake gari lilikuwa gali mpaka kaburini. "Wazungu walifikiria."

"Wazungu hawakufikiria barabara yetu."

Barasa akajaribu kumtuliza kwa kumkatia bushi kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Zile zilikaa mwezi mmoja, zikatoka nyuzi. Ndipo baba akasikia kuna mtu mwenye mashine ya kuchonga, anatengeneza bushi za nailoni nyeupe kwa ajili ya trela za mashambani. Nilikwenda naye. Nilitazama ile nailoni ikizunguka na kutoa nyuzi ndefu nyeupe, nikaziokota nikajifungia nywele. Baba aliishika bushi ya kwanza, akaibana kwa nguvu zake zote, isibonyee. Akatabasamu. Sijui kama nimewahi kumwona akitabasamu vile hata siku ya harusi yangu.

Barasa akazifunga mbele na nyuma, na Jumamosi iliyofuata Mfaransa alikwenda kama mshale. Baba aliendesha kwa vidole viwili, akapiga mbinja wimbo wa kanisani. Mimi sikutapika. Tukamchukua kukhu, tukatoka Bungoma, na hatukwenda mbali lami ikaanza mashimo. Nikasikia sauti nyuma.

"Nekesa. Njoo ukae hapa na mimi."

Niliruka kiti, sikungoja kuambiwa mara mbili. Kukhu akachukua mkono wangu, akauweka pajani pake, akaushika. Mkono wake ulikuwa mkavu, una mipasuko ya jembe, na ulikuwa na nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mtu mzee. Alinibana. Akalegeza. Akanibana tena. Vidole vyangu viliuma mpaka machozi yakanilenga, lakini ningekufa kabla sijauvuta mkono ule. Nilijua ndivyo watu wakubwa wanavyopenda, kwa nguvu, kimya kimya, bila kukuangalia. Yeye alitazama mbele, midomo ameifunga, na kila aliponibana na mimi nikambana, kumjibu. Tulikwenda hivyo mpaka Lugulu. Nilitamani barabara isiishe.

Baba akauliza kutoka mbele, "Nekesa, muulize kukhu wako, gari linaendaje leo?"

Kukhu alivuta pumzi. "Mwambie baba yako gari limetulia."

"Baba, kukhu anasema gari limetulia! Anasema linampendeza sana!"

Hilo la mwisho niliongeza mimi.

Tulikwenda hivyo mara tatu. Mara tatu alinishika mkono, mara tatu baba akauliza, mara tatu gari lilikuwa limetulia. Nikaanza kumhurumia Simiyu. Nikawaambia wasichana shuleni kwamba nyanya yangu hawezi kusafiri bila mimi, na hilo lilikuwa kweli kuliko nilivyojua.

Kisha Barasa, wakati wa kubadilisha oili, akaingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Alisema ile nailoni haina huruma. Inapiga bodi, mahali mikono imefungwa kumeanza kupasuka rangi. "Acha ngumu mbele, mzee, uone usukani unavyotaka. Nyuma turudishe laba. Nyuma kuna watu."

Alisema hivyo hivyo. Nyuma kuna watu. Na baba alisikia, kwa sababu alifuta miwani, akaniita. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi ninakula muwa.

"Wewe ndiye unakaa na kukhu huko nyuma," akasema. "Niambie ukweli. Anaumia?"

Mpaka leo nikilala nikakumbuka swali lile nageukia ukutani. Kwa sababu mtoto si mjinga. Sikujua kwamba anaumia, naapa, lakini nilijua jambo moja. Gari likiwa na raba, kukhu analala. Gari likiwa na nailoni, kukhu ananishika mkono. Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya mwenyewe.

"Haumii, baba. Anapenda. Ananishika mkono njia nzima."

Baba akatabasamu, akanipapasa kichwa. "Basi tuache hivyo," akamwambia Barasa. Barasa aliniangalia kidogo, kama anataka kuuliza kitu, halafu akaokota spana yake akaendelea na kazi. Watu wazima wawili! Nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika anashika mkono wa mtoto kutoka Bungoma mpaka Lugulu, na wote wawili wakaona ni jambo zuri. Sijui nimkasirikie nani zaidi. Siku nyingine ni baba, siku nyingine ni Barasa ambaye alijua na hakusisitiza, na siku nyingi ni yule msichana mwenye nyuzi za nailoni kichwani.

Safari ya nne tulimkuta kukhu ameketi nje ya jiko, hajavaa nguo za safari. Amevaa leso ya kazini, anachambua maharagwe.

"Mwambie baba yako nimepona," akaniambia. "Mambo ya hospitali basi."

Baba alikuwa tayari anatazama migomba. "Muulize kama ana hakika. Daktari alisema bado miezi."

"Mwambie nimepona kabisa. Mwambie namshukuru, amejisumbua sana." Na ili kuthibitisha akasimama, akaingia jikoni mwenyewe bila fimbo. Mimi nilimwona. Alikwenda amelalia ukuta, mguu mmoja unaburutwa, na mkono wake ukapapasa matofali moja baada ya jingine mpaka mlangoni. Baba hakuona. Alikuwa anamheshimu.

Nililia kutoka Bungoma mpaka Kitale. Baba akasimamisha gari pembeni. "Unalilia nini, na kukhu wako amepona?" Nilidhani amenichoka. Nilidhani kuna neno nilimpelekea vibaya, au nilimbana mkono sana, akaona heri akae nyumbani kuliko kukaa na mimi.

Ukweli uliletwa na mama. Alikwenda Bungoma wiki chache baadaye kumwogesha, maana kukhu alikuwa haoshi tena mgongo wake mwenyewe, na binti ndiye mtu pekee anayeweza kuuliza. Alirudi mchana wa Jumapili, hakuvua hata viatu.

"Mama yangu ameacha hospitali kwa sababu ya gari lako!"

Baba alikuwa anakula. "Gari langu lina nini? Limenyooka, linakwenda—"

"Linampiga nyundo! Amesema kila shimo ni nyundo kwenye nyonga. Ameomba Mungu afe kabla ya safari ya nne. Mfupa umeshika vibaya, hawezi hata kuchuchumaa!"

"Nilimuuliza! Kila safari nilimuuliza!"

"Ulimuuliza mkweo kama gari lako ni baya? Ulitaka akujibu nini?"

Kisha baba, polepole, akageuka akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, angenichapa, jambo likaisha. Aliniangalia tu kama mtu aliyetuma barua na kuipata baadaye kwenye mfuko wa tarishi. Mama naye akaniangalia. Nikatoka nje, nikakaa nyuma ya ghala la mahindi mpaka chakula cha jioni, na hakuna aliyekuja kuniita.

Siku iliyofuata Barasa aling'oa nailoni yote, akarudisha raba. Baba akaenda Bungoma peke yake, akasimama kwenye migomba, akatuma ujumbe ndani kupitia mke wa mjomba kwamba gari limekuwa laini. Kukhu akajibu kwamba anashukuru sana, amepona. Hakupanda tena Mfaransa mpaka alipokufa. Shambani hakurudi. Alitembea kwa kwenda upande upande, na gari likawa limenyooka kiasi, yeye akawa ndiye anayeyumba. Nami kila likizo nilipopelekwa kule nilimletea maji kabla hajaomba, nikakaa karibu naye, mkono wangu nikauacha juu ya mkeka mahali ambapo angeweza kuuchukua akitaka. Hakuuchukua. Alinipa ukoko, akaniita mke mwenzangu, mambo yote matamu niliyoyatamani, lakini mkono hapana.

Hata baada ya maneno yale ya mama sikuunganisha. Nilijua gari lilimuumiza, na nilijua alinishika mkono, na mambo hayo mawili yalikaa vyumba tofauti kichwani mwangu kwa miaka mingi. Mpaka nilipokuwa najifungua mtoto wangu wa kwanza. Uchungu ulipokuja nilinyoosha mkono nikamkamata muuguzi, nikambana, uchungu ukaenda nikamlegeza, ukarudi nikambana tena, midomo nimeifunga, natazama mbele. Nikaujua ule mkono. Nililia kwa sauti mpaka muuguzi akadhani mtoto amekwama. Nikamwambia hapana, dada, nimekumbuka kitu tu.

Haya. Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa karibu kumrushia yule kijana bushi zake nyekundu.

Maana leo baba ni mzee, mgongo umemharibika, na kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka Lugulu. Gari lingine hataki. Nimempa langu dogo, lina viti vizuri, akasema ni kama kukaa ndani ya sufuria. Anataka Mfaransa, na anataka kukaa nyuma ndiyo anyooshe mguu. Mwanangu, kwa mapenzi yake yote, akaagiza mtandaoni bushi za poli kumshangaza babu yake. Zimefungwa nyuma na mbele. Mwezi uliopita nikaendesha, usukani umenyooka kweli, raha tupu. Nikauliza, "Baba, gari linaendaje?"

"Limetulia," akasema.

Nikatazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika mkanda wa juu ya mlango, na mishipa ya mkono wake imesimama yote. Midomo ameifunga. Anatazama mbele.

Jamani, sisi watu! Safari hii hakuna mkwe, hakuna migomba ya kutazama. Ni baba na binti yake, na bado limetulia. Nilisimamisha gari pale pale nikamfokea baba yangu mzazi, jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilimwambia kama mgongo unauma aseme unauma. Akasema, "Mtoto amenunua kwa pesa yake, nitasemaje?" Nikapiga usukani kwa kiganja mpaka honi ikalia, na mwenye ng'ombe aliyekuwa pembeni akadhani namtukana.

Basi nikanunua raba. Gereji ya Barasa sasa ni ya binti yake, Nafula, fundi kuliko hata baba yake. Akazigeuza geuza mkononi.

"Mama, nyuma yote raba? Itayumba."

"Iyumbe."

"Kwa kona itakusumbua."

"Wewe ndiye utaendesha, kwa hiyo itakusumbua wewe."

Jumamosi tukaondoka, Nafula kwenye usukani, mimi nikapanda nyuma kabisa, karibu na baba. Hakufurahi hata kidogo.

"Kwa nini unakaa huku? Nani anaangalia mbele?"

"Nimechoka kuendesha."

Nikachukua mkono wake. Akauvuta. "Mimi si mtoto, Nekesa." Nikauchukua tena, nikaushika kwa mikono miwili pajani pangu, akaona nimekasirika, akauacha. Nikangoja. Mashimo ya Kiminini yakaja na mimi nimekaza vidole, nasubiri kubanwa. Gari likazama, likainuka, likatikisa kiuno. Hakunibana.

"Linayumba hili gari," akasema. "Raba ya wapi hii? Mwambie yule msichana apunguze."

"Mwambie mwenyewe, anakusikia."

Akanung'unika juu ya mafundi wa siku hizi, juu ya bushi nzuri za mtoto zilizong'olewa bila sababu, juu ya kona. Kisha kichwa chake kikaanza kuelemea dirisha. Mfaransa akaendelea kuchezacheza, na tumbo langu likaanza mambo yake ya zamani, nikameza mate. Nikavua sweta langu kwa mkono mmoja nikamwekea kwenye dirisha.

Tulipokaribia Misikhu, Nafula akauliza bila kugeuka, "Mama, muulize mzee, gari inaenda aje?"

Sikumuuliza. Alikuwa amelala, mdomo wazi, shavu kwenye sweta. Mkono wake ulikuwa umeniachia tangu Kamukuywa.